Neno "mwami": Uvira ni mfalme, Mwenga ni daraja, Kampala ni mume

Katika kartiye ya Nyamianda, mjini Uvira, neno "mwami" halihitaji maelezo. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba mwami ni mkubwa wa usultani, mtu anayerithi kiti cha wazazi wake na kuheshimiwa na wazee wa koo. Lakini mtoto huyo, familia yake ikikimbia vita na kuvuka mpaka, atakuta neno lile lile lina kazi nyingine. Kampala, mwami ni mume wa mtu. Kusini mwa Zambia, ni Bwana anayeombwa kanisani. Na si lazima kwenda mbali hivyo. Ng'ambo ya milima ya Itombwe, katika nchi ya Walega, wazee wanamjua mwami ambaye hakutawala kijiji wala kumlipisha mtu kodi.

Jambo hili si la walimu wa lugha peke yao. Uvira, Fizi na Mwenga, watu wamegombana miaka mingi juu ya nani ana mwami na nani hana, na mwami gani anaamuru udongo gani. Wengine wamepoteza maisha. Mara nyingi pande zote mbili zilitaja neno moja, kila upande ukifikiri kwamba maana yake ndiyo ya tangu zamani na ndiyo ya pekee.

Uvira, Burundi na Buha: mwami wa kurithi

Teritware ya Uvira ina usultani tatu: wa Bavira, wa Bafuliiru, na wa Uwanda wa Ruzizi ambao zamani uliitwa wa Barundi. Katika zote tatu mkubwa anaitwa mwami, na cheo kinatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto ndani ya ukoo mmoja. Ukipanda kaskazini hali ni hiyo hiyo. Bashi wana mwami wao, Bahavu wana wao, vilevile Bahunde na Banande.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, Warundi na Wanyarwanda husema "umwami", na wakiwa wengi "abami". Kwa Warundi mwami alikuwa mfalme wa nchi nzima. Mwezi Gisabo, ambaye wazee wa Burundi bado wanamtaja, alipigana na Wajerumani mpaka akakubali mapatano ya Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Alifariki mwaka 1908. Mwambutsa wa Nne alisimikwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo, akabaki mfalme hadi 1966. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Michel Micombero alitangaza Jamhuri, na tangu siku hiyo Burundi haina mwami tena. Lakini Kirundi hakikutupa neno. Hata leo "ingoma" kwa Kirundi ni ngoma inayopigwa, na pia ni utawala, kwa sababu ngoma ya kifalme na mfalme vilikwenda pamoja.

Ziwa Tanganyika lenyewe limepokea mwami mmoja aliyekuwa mkimbizi kwa nguvu. Mwezi wa Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Yuhi Musinga kwenye kiti cha Rwanda, wakamweka mtoto wake Rudahigwa. Musinga alipelekwa kwanza Kamembe, baadaye akaletwa Moba, kwenye pwani ya ziwa upande wa Kongo, na huko ndiko alikofariki mwaka 1944. Mtu aliyekuwa mfalme wa nchi nzima alimaliza siku zake kwenye udongo ambao hakuna aliyemwita mfalme wake.

Upande wa pili wa ziwa, katika mkoa wa Kigoma, Waha nao husema mwami. Familia nyingi za Uvira na Fizi zinaijua nchi hiyo vizuri, maana kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, iko Kasulu. Huko Kasulu, katika utawala wa Heru, mwami wa miaka ya 1950 alikuwa mwanamke. Aliitwa Mwami Theresa Ntare. Hakuwa mke wa mwami, cheo ambacho kwa Kirundi kinaitwa "umwamikazi". Alikuwa mwami mwenyewe. Wanaosema kwamba neno hili ni la wanaume tu wana jibu lao hapo Kasulu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta sheria ya machifu, na bami wa Buha wakabaki bila mamlaka ya serikali.

Neno limetoka wapi

Kwanza, mambo matatu yanayofanana na mwami lakini si ndugu zake. Mwanafunzi wa Uvira anajifunza kwamba "ami" kwa Kifaransa ni rafiki. Mswahili wa pwani anamwita ndugu ya baba yake "ami" au "amu", neno la Kiarabu. Na "mwamini", mtu wa imani, pia ni la Kiarabu. Yote matatu hayana uhusiano wowote na mwami.

Mwami ni neno la Kibantu, na linatembea kama maneno mengine ya Kibantu. Mbele kuna "mu" ya mtu mmoja, ambayo ikigusa vokali inakuwa "mw". Watu wengi wanakuwa "bami". Cheo chenyewe au hali yenyewe ni "bwami". Ni njia ile ile ya Kiswahili: mtu, watu, utu. Kinachobaki ni mzizi "ami".

Sikio la Mrundi linasikia jambo jingine ndani ya mzizi huo. Kirundi kina kitendo "kwama", yaani kuzaa matunda, na tunda linaitwa "icamwa". Neno "kwama" lina pia maana ya kudumu, kuwa hivyo siku zote. Kinyarwanda kina "kwamamara", kujulikana kila mahali. Baadhi ya wanaochunguza historia ya lugha za Maziwa Makuu wameliweka neno mwami karibu na familia hiyo ya maneno. Mila zinaonyesha kwa nini wazo hilo linapendeza. Burundi, kila mwaka mwami ndiye aliyefungua msimu wa mtama kwa sherehe ya Umuganuro, na raia hawakupanda kabla yake. Mtu wa namna hiyo alitazamwa zaidi ya mtoaji wa amri: udongo ukizaa, ni yeye, usipozaa, watu walimwangalia yeye.

Mwenga na Fizi: mwami wa kustahili

Ukitoka Uvira na kuvuka milima kuelekea magharibi, neno linabadilika kabisa. Kwa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, bwami haikuwa ufalme. Ilikuwa chama kikubwa chenye ngazi, na mwami alikuwa mtu yeyote aliyeingia ndani yake. Hakukuwa na mfalme wa Walega wote. Hakukuwa na kiti kimoja ambacho mtu mmoja anakikalia.

Mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck aliishi kati ya Walega kuanzia 1952 hadi 1954, na mwaka 1973 alitoa kitabu kikubwa juu ya bwami. Alieleza kwamba mwanaume aliyetahiriwa aliweza kuanza ngazi ya chini na kupanda polepole. Ngazi ya mwisho kwa wanaume iliitwa kindi. Kuzaliwa katika ukoo mkubwa hakukutosha. Mtu alihitaji mali ya kugawia wengine, ndugu wa kumsaidia, na zaidi ya yote tabia njema: mpole, mwenye kiasi, asiye mgomvi. Mafundisho yalitolewa kwa methali nyingi, kwa kucheza na kwa kuonyesha vitu vidogo vya pembe ya tembo, mbao na mifupa, kila kimoja na fundisho lake. Vitu hivyo leo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambako wageni huvisifu kwa uzuri bila kujua methali yake.

Jambo jingine linalowashangaza watu wa Uvira: mwanaume hakupanda peke yake. Wake walikuwa na ngazi zao ndani ya bwami, na mwanaume hakuweza kufika ngazi za juu kama mke wake hakuingizwa naye.

Babembe wa Fizi nao walikuwa na bwami. Kwao pia nguvu ilikaa katika koo na katika wazee waliofundishwa, siyo kwa mfalme mmoja.

Wabelgiji hawakuipenda bwami. Waliona watu wanakutana porini, wanakula viapo, wanatii wazee ambao hawamo katika karatasi za serikali. Mwaka 1948 waliipiga marufuku. Bwami haikufa siku hiyo, lakini iliendelea kwa kujificha, na vijana wengi walikua bila kuiona.

Hapa ndipo kutoelewana kunaanza. Mfuliiru akimwambia jirani yake "kwenu hamna mwami", anataka kusema: hamna mfalme. Mlega au Mbembe anasikia: kwenu hamna mtu mwenye heshima, hamna mtu aliyefundishwa. Wa kwanza anadhani amesema habari tu. Wa pili anajua ametukanwa.

Uganda, Kenya, Zambia: bwana, mume, Mungu

Wakongomani wengi wamekimbilia Uganda. Huko Kampala, mama aliyetoka Lemera akiulizwa na karani "omwami wo ali wa?", anaweza kufikiri anaulizwa habari za mfalme wa Bafuliiru. Karani anamuuliza tu mume wake yuko wapi. Kwa Kiganda, "omwami" ni bwana, ni mume, na ni neno linalowekwa mbele ya jina la mwanaume, kama vile "omukyala" linavyowekwa mbele ya jina la mwanamke. Mfalme wa Baganda haitwi hivyo. Yeye ni Kabaka. Lakini wakubwa walio chini ya Kabaka, wanaotunza majimbo yanayoitwa amasaza, hao ndio "abaami". Buganda ina masaza 18. Kwa hiyo kwa Kiganda mwami yuko chini ya mfalme, wakati kwa Kirundi mwami ndiye mfalme.

Magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya, "omwami" ni mkubwa au mtawala, na Wakristo humwita Yesu kwa neno hilo. Ukishuka kusini mpaka Zambia, Watonga nao husema "mwami" kwa chifu wao, na katika maombi "Mwami" ni Bwana Mungu. Kati ya Waluhya na Watonga kuna zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kaskazini kwenda kusini, na katikati kuna makabila mengi ambayo hayatumii neno hili hata kidogo. Wanyoro na Wahaya, kwa mfano, humwita mfalme "mukama".

Neno lililoenea hivyo, likiwa na maana nyingi hivyo, haliwezi kuwa mali ya kabila moja wala ya ufalme mmoja. Ukitazama lugha hizi zote kwa pamoja, kinachorudi kila mahali ni mtu anayeheshimiwa kwa sababu wengine wanamtegemea. Wengine wakamfanya mfalme, wengine wakamfanya mwalimu wa tabia, wengine wakamfanya mume, wengine wakampa Mungu jina hilo.

Karatasi za serikali zilichagua maana moja

Wageni wa kwanza walioandika juu ya Uvira hawakutumia neno mwami. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wakiongozana na watu waliozoea Kiswahili cha wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo mkubwa yeyote waliyemkuta kandokando ya ziwa, Burton alimwandika "sultani". Watoto wa mkubwa wa Uvira ndio waliowaambia kwamba Ruzizi inaingia ziwani na haitoki, jambo ambalo Livingstone na Stanley walikwenda kulithibitisha mwaka 1871. Neno sultani, la Kiarabu, lilibaki. Mpaka leo watu wa Uvira husema "usultani" hata kama hakuna Mwarabu aliyewahi kukalia kiti hicho.

Kisha ukaja utawala wa Wabelgiji na neno la tatu, "chef". Amri ya tarehe 2 Mei 1910 na ile ya tarehe 5 Desemba 1933 zilipanga nchi yote katika usultani na sekta. Serikali ilihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi, kutoa vibarua na kuhesabu watu. Ilimtafuta mtu huyo, ikampa medali, ikachora mpaka kumzunguka. Mahali palipokuwa na mwami wa kurithi, kazi ilikuwa rahisi: mwami akawa chef. Mahali ambapo bwami ilikuwa chama cha wengi, serikali haikumwona mtu wa kumpa medali. Fizi iligawanywa katika sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Mwenga ilipata usultani kama Basile na Wamuzimu, na wakubwa wake wakaitwa mwami. Ndiyo sababu katika nchi ya Walega mzee anaweza kuwajua bami wa aina mbili: wa bwami, ambao ni wengi, na wa usultani, ambaye ni mmoja.

Zamani mtu aliweza kuhama na kuwa chini ya mwami mwingine kwa kumpelekea zawadi na kuomba shamba. Mpaka wa Wabelgiji ulibadilisha hesabu. Kuwa na mwami sasa kulikuwa na maana ya kuwa na ardhi yenye jina lako kwenye ramani. Asiye na mwami aliyeandikwa alionekana mgeni, hata kama babu zake walizikwa hapo.

Kongo huru haikuondoa mpango huo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya mila mradi isipingane na sheria. Sheria ya Oktoba 2008 inauhesabu usultani pamoja na mji, komine na sekta kati ya maeneo yanayojiongoza. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 imeweka haki na kazi za machifu wa mila. Lakini sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo mwami anaheshimiwa na mila, anatambuliwa na sheria, na anasimama juu ya ardhi ambayo kwa karatasi si yake. Raia anayetafuta shamba anajikuta kati ya mambo hayo mawili.

Kwa nini jambo hili linagusa familia zilizohama

Uwanda wa Ruzizi unajua gharama yake. Ugomvi kati ya Barundi na Bafuliiru juu ya usultani huo ni wa miaka mingi. Mwaka 2012 mwami wa Uwanda aliuawa, na nani akalie kiti likawa swali lenye bunduki. Mwezi wa Juni 2014, katika kijiji cha Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja. Sababu za mauaji ya Uwanda ni nyingi: ng'ombe, mashamba, vikundi vya silaha. Lakini chini yake daima linarudi swali la nani ana mwami, na kwa hiyo nani yuko nyumbani.

Swali hilo linawafuata watu mpaka mahali wanapokimbilia. Mhamaji wa Fizi akifika Uvira, akiulizwa "mwami wenu ni nani?", anaweza kujibu kwa haki kabisa: "Hatuna, tuna mkubwa wa sekta na wakubwa wa grupma." Asiyejua historia anasikia mtu asiye na asili. Anayejua anasikia mtu ambaye wazee wake walikuwa na bami wengi, ila serikali haikujua namna ya kuwaandika. Na ndani ya mji wenyewe, kama Nyamianda, anayegonga muhuri wa karatasi ya mkaaji si mwami bali ni shefu wa kartiye, ambaye cheo chake hakirithiwi. Mjini, Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Mlega, Mshi na Munyamulenge wanapanga mstari mmoja mbele ya mlango wake.

Vita vimewatawanya watoto wa Uvira na Fizi mpaka Burundi, Kasulu, Uganda na Zambia. Huko wanajifunza lugha za wenyeji, na neno mwami wanalisikia tena likiwa na maana mpya. Wazazi wanaosimulia habari za nyumbani jioni wangefanya vizuri kuwaeleza watoto maana zote, siyo ya ukoo wao peke yake. Mtoto wa Mfuliiru ajue kwamba kwa Walega mwami ni yule aliyefundishwa kutogombana. Mtoto wa Mlega ajue kwamba kwa Bafuliiru mwami ni kiti cha mababu. Siku watakaporudi na kuketi pamoja kugawana mashamba yaliyoachwa, mtu akisema "mwami amesema", wa kwanza kuuliza "mwami yupi, na kwa lugha ya nani?" hatakuwa anatafuta ugomvi. Atakuwa anauzuia.